Sekela na Ufito wa Mwisho

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ni usiku. Nyumba imelala. Mtaa umelala. Hata mbwa wa jirani amelala.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Sekela akafumbua macho. "Panya!" akasema moyoni. "Tena panya mkubwa!"

Akashuka kitandani. Sakafu ilikuwa ya baridi, si unaijua baridi ya Iringa! Akanyata, nya, nya, nya, mpaka mlangoni. Akachungulia.

Hakuwa panya. Alikuwa Mama!

Mama alikaa mezani, karibu na cherehani yake. Alishika kipande cha msasa. Alikuwa anasugua kijiti cha mbao. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mama, unafanya nini?"

Mama akaruka. "Weee, Sekela! Umenitisha! Haya njoo, njoo uone, lakini angalia, usikanyage vijiti."

Mezani kulikuwa na boksi. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya meli. Meli nzuri, yenye matanga meupe matatu. Mama alilikuta kwenye mitumba, chini kabisa, chini ya mapazia.

Sekela akachungulia ndani ya boksi. Hakuona meli. Aliona vijiti, na uzi, na karatasi.

"Sasa meli yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo," Mama akasema. "Imo humo, vipande vipande. Sisi ndio tutakaoiunda."

Sisi! Sekela alisikia neno hilo moja tu. Sisi!

"Tuanze, Mama!"

"Kesho. Sasa hivi tunalala, wewe na mimi."

Asubuhi, Sekela aliamka kabla ya jogoo.

Mama akatandaza karatasi. Maandishi yake hawakuyajua, yalikuwa ya nchi ya mbali. Lakini picha walizijua. Picha hazihitaji kusomwa.

Kwanza wakatengeneza mgongo wa meli. Kisha wakapachika mbavu, moja, nyingine, na nyingine.

"Mama, inafanana na samaki aliyeliwa!"

"Ee, imebaki miiba tu," Mama akacheka. "Sasa tuivalishe ngozi."

Ngozi ya meli ilikuwa fito. Ufito ni kijiti bapa, chembamba, kirefu. Ukipanga fito nyingi, moja juu ya nyingine, unapata ubavu wa meli.

Mama akapaka gundi. Sekela akabana kwa vibanio vya nguo. Kisha wakakaa, wakatulia.

*Paka gundi. Bana. Subiri.*
*Meli yetu inakua!*

"Bado tu, Mama?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sekela! Gundi haijakauka hata kidogo."

*Paka gundi. Bana. Subiri.*
*Meli yetu inakua!*

Siku moja Baba akaingia ndani, ameshika shati lake jeupe. Lilikuwa na matope. Lilikuwa na manyoya ya kuku.

"Nani amechukua vibanio vyote kwenye kamba? Shati langu limeanguka, kuku wamelilalia!"

Sekela akamtazama Mama. Mama akamtazama Sekela.

Baba akaitazama meli. Vibanio vyote vilikuwa pale, vimeing'ang'ania kama kaa.

"Aaa," Baba akasema. "Kumbe wezi ninaishi nao humu humu!"

Fito zikapanda juu, juu, juu. Meli ikanenepa. Ikabaki nafasi moja tu, nyembamba, karibu na pua ya meli. Na pua ya meli, unajua, imepinda.

Ndani ya boksi zilibaki fito tatu.

Mama akachukua ufito mmoja. Akaupinda ili ukae kwenye pua.

Kacha!

Ukakatika.

"Haidhuru," Mama akasema. "Zipo mbili."

Akachukua wa pili. Akaupinda taratibu, taratibu sana, ameuma midomo.

Kacha!

Na huo ukakatika.

Sasa ulibaki ufito mmoja tu. Ukikatika na huo, basi. Meli itabaki na tundu. Hakuna duka la fito hizi Iringa nzima.

Mama akaweka ufito wa mwisho mezani, mbali na mikono yake.

"Naogopa kuugusa," akasema. "Labda tuirudishe kwenye boksi, mwanangu. Tutaiweka chini ya kitanda."

Chini ya kitanda! Gizani, na viatu vya zamani!

"Usiirudishe, Mama. Subiri kwanza. Tafadhali subiri!"

Sekela akatoka nje. Alitaka kufikiri, na ndani hapakufikirika.

Vumilia, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuwa anaruka kamba. "Meli yenu imekwisha?"

"Bado. Ina tundu."

"Tundu!" Vumilia akacheka. "Meli yenyewe haina bahari, halafu ina tundu! Itazamia wapi, kabatini?"

Sekela hakucheka. Machozi yalikuwa karibu, karibu kabisa.

"We Vumilia, hebu acha maneno yako!" Mama Vumilia akaita kutoka barazani. "Sekela, njoo ukae na mimi."

"Shikamoo, Mama Vumilia."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Vumilia alikuwa anasuka kikapu. Alisukia milulu, yale majani marefu, magumu, yanayoota kwenye maji. Kando yake palikuwa na beseni. Milulu ilikuwa imelala ndani ya maji, kimya, kama inaoga.

Mama Vumilia akachomoa mlulu mmoja. Akaupinda huku, akaupinda kule. Swii, swii. Haukukatika!

Sekela akasogea. "Mama Vumilia, mbona haukatiki?"

"Si nimeulowesha. Ukiwa mkavu ni mkaidi huu, unakatika hapo hapo. Ukilowa, unanyooka, unapinda, unafanya unavyoutaka."

Sekela akasimama wima. Alisahau hata kuaga.

"Mama! Mama! Mama!" Akakimbia, pa, pa, pa, pa, mpaka mezani. "Mama, ufito una kiu!"

"Una nini?"

"Una kiu! Milulu ya Mama Vumilia inakunywa maji, halafu haikatiki! Tuunyweshe maji ufito wetu!"

Mama akafikiri. "Lakini milulu ni majani, Sekela. Huu ni mti."

"Tujaribu na vile vipande vilivyokatika. Hivyo havina cha kupoteza."

Mama akatabasamu kidogo. "Haya. Tujaribu."

Sekela akachovya kipande kimoja kwenye kikombe cha maji. Chwa! Akakitoa. Akakipinda.

Kacha!

Lo!

Sekela akakiangalia kipande kile. Kilikuwa kimelowa nje tu. Ndani kilikuwa kikavu. Akakumbuka beseni. Milulu ilikuwa imelala majini, haikuchovywa tu.

"Mama, tumefanya haraka. Tunatakiwa kusubiri."

"Na maji yawe ya moto," Mama akasema. "Nguo yenye mikunjo inalainika kwa mvuke wa pasi. Labda na mti nao unapenda joto."

Mama akachemsha maji. Akayamimina kwenye beseni. Mvuke ukapanda, fyuuu! Akakilaza humo kipande kingine.

Wakasubiri. Wakasubiri. Sekela akaikalia mikono yake ili isiguse.

Maji yalipopoa, Sekela akakitoa kipande. Akakipinda kidogo.

Kimya.

Akakipinda zaidi.

Kimya!

Kipande kikapinda kama mwezi mchanga. "Mama, kimetii!"

"Kimetii kweli!" Mama akapiga makofi. Kisha akageuka, akautazama ule ufito wa mwisho. Makofi yakaisha.

Mama akachemsha maji mengine. Ufito wa mwisho ukaingia majini. Wakasubiri tena.

"Sasa," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Pinda wewe, Sekela."

"Mimi?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyejua kuwa ufito una kiu. Mimi nitapaka gundi, nitabana."

Sekela akaushika ufito wa mwisho. Ulikuwa wa uvuguvugu. Akauweka kwenye pua ya meli.

Akausukuma kidogo.

Kimya.

Akausukuma tena.

Kimya. Kuku wakanyamaza. Saa ya ukutani ikasikika, tik, tik, tik.

Akausukuma mpaka mwisho.

Ta! Ta! Ta! Hivyo ni vibanio vya Mama.

Na kacha? Hakuna kacha!

"Umekaa!" Mama akapiga kelele. "Umekaa, Sekela! Umekaa mahali pake!"

*Paka gundi. Bana. Subiri.*
*Meli yetu imekua!*

Gundi ikakauka. Wakabandua vibanio vyote. Baba akapata vibanio vyake, na kuku wakakosa shati la kulalia.

Sekela akachukua msasa. Kwaru, kwaru, kwaru. Meli ikawa laini kama shavu la mtoto.

Mama akasimamisha milingoti mitatu. Akashona matanga kwa kitambaa cheupe kilichobaki aliposhona mashati ya shule. Trrrrr, cherehani ikaimba. Sekela akafunga nyuzi, na kila fundo alilifunga mara mbili.

Halafu wakarudi nyuma, hatua moja. Wakaitazama.

Haikuwa vijiti tena. Haikuwa samaki aliyeliwa. Ilikuwa meli!

Baba akaibeba kwa mikono miwili, kama anabeba mayai. Akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

Na hakutulia. Akasimama mlangoni, akaanza kuwasalimu wapita njia kwa Kihehe na kuwaita ndani!

"Kamwene, muuza maziwa! Ingia uone meli! Mke wangu na binti yangu wameiunda!"

Muuza maziwa akaingia. Akavua kofia. "Duh! Meli hapa Iringa, milimani! Itapita wapi sasa?"

"Haipiti popote," Sekela akasema. "Inapendeza tu."

Mama Vumilia akaja, na kikapu chake kichwani. Akaizunguka meli kwa macho. Akaitazama pua. "Nani amepinda hapa?"

Mama akamshika Sekela mabega. Akasema kwa sauti kubwa, mpaka nje wakasikia:

"Binti yangu! Sekela ndiye aliyepinda!"

"Eee! Na mwalimu wake ni nani? Si milulu yangu!" Mama Vumilia akacheka. "Hongera, fundi. Hongera sana."

Fundi! Sekela akahisi amerefuka. Akahisi kichwa chake kinakaribia kugusa dari.

Vumilia akasimama kwa vidole vya miguu. Akatafuta tundu. Akatafuta huku, akatafuta kule.

"Halipo," akasema.

"Halipo," Sekela akasema.

"Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona."

"Umewahi kuona ngapi?"

Vumilia akafikiri. "Hii."

Wote wakacheka, na Vumilia naye akacheka.

"Lakini Sekela," Vumilia akauliza, "nasikia ufito ulikuwa umebaki mmoja tu! Hukuogopa?"

"Mimi? Hata kidogo!" Sekela akasema.

"Na wewe, Mama Sekela?"

"Mimi? Hata kidogo!" Mama akasema.

Jua likazama. Wageni wakaenda. Sekela akaoga, akala, akapanda kitandani.

Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Kutoka kitandani, kupitia mlangoni, meli ilionekana pale juu ya kabati, na matanga yake meupe.

"Mama."

"Naam."

"Nikikwambia kitu, utacheka?"

"Sicheki."

Sekela akavuta blanketi. Akabakiza macho tu.

"Niliogopa. Nilipokuwa napinda ule ufito, niliogopa sana. Nilifumba macho."

Mama akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Hata mimi."

"Weee! Na wewe ulifumba?"

"Nilifumba kabisa! Nilibana vibanio kwa kupapasa, kimoja kikanibana kidole."

"Kumbe hakuna aliyeuona ukipinda!"

"Hakuna. Tuliusikia tu."

Wakacheka. Wakacheka chini ya blanketi, kimyakimya, mpaka kitanda kikatikisika.

"Mama, ni siri yetu?"

"Ni siri yetu. Mimi simwambii mtu."

Sekela akapiga mwayo. Akaushika mkono wa Mama, akaubana kwa nguvu kama kibanio.

"Na mimi, Mama," akasema. "Simwambii mtu mwingine."