Matabishi ya Mama Alida

Sogeeni hapa, karibu na moto. Gisèle, zima hiyo simu. Na wewe unayetafuna, meza kwanza. Nataka kimya, kila mtu ashike mdomo wake, maana hadithi hii ina harufu, na harufu haisikiki penye kelele. Mwenye tumbo jepesi atoke sasa.

Hapa Misiera, katika kambi yetu ya wakimbizi, aliishi mama mmoja, Godeberthe, Mfuliiru wa milima ya juu ya Uvira. Tulimwita Mama Alida, kwa jina la binti yake wa pekee, aliyepotezana naye siku ya kukimbia vita. Miaka minne alikula peke yake. Na kupikia mtu mmoja, wanangu, ni kazi kuliko kupikia msiba. Kabichi haiuzwi robo. Sufuria haikubali kijiko kimoja cha unga. Ukipika kidogo kinaungua, ukipika kingi kinachacha.

Lakini yeye aliweza. Bugali wa jana aliukausha juu ya makaa, akaula asubuhi na chai. Majani ya nje ya kabichi, yale tunayowapa mbuzi, aliyakatakata ndani ya maharage. Kichwa cha samaki alikichemsha mara tatu, na mara ya tatu bado alikinyonya. Jirani yake Pascasie, Mrundi mcheshi, alikuwa akimtania juu ya ua:

"We Mama Alida! Panya wa kwako wamehamia kwangu. Wanasema wamekimbia njaa."

"Waandikishe, Pascasie. Uwape na karata ya posho."

Basi, Jumatatu moja asubuhi simu ikalia. Alida! Amefika Kabazana, kule wanakopokelewa wageni wapya, na mimba ya miezi saba. Jumamosi wangemruhusu aje kwa mama yake. Mama Alida akacheka, akalia, kisha akaapa: mtoto wangu hatapokelewa na maharage. Atakula nyama.

Siku ile ile Kalume, mchuuzi wa mahindi, alikuwa anapeleka magunia mjini Mbarara. Mama Alida akapanda juu ya magunia. Hakuwa na haraka ya kufika, maana alijua siri ya soko: jua likilegea, bei nayo inalegea.

Muuza nyama alikuwa amebaki na kitu kimoja tu. Tumbo zima la ng'ombe, linaning'inia kwenye ndoano kama taulo lililolowa.

"Nikatie nusu, baba."

"Hapana kata, mama. Soko nafunga. Wewe nachukua yote ao nawacha."

"Niko peke yangu. Itaoza."

"Hiyo maneno yako."

Ndipo sauti ikanong'ona nyuma ya sikio lake, kwa Kifuliiru safi, cha kilima chao kabisa.

"Mama, tugawane. Miye pia napikia mutu mumoja."

Akageuka. Mwanamke wa makamo, kitenge kipya, uso mzuri tu. Ila meno... Meno madogo, mengi, kama ya mtoto mchanga. Na harufu. Harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahaulika mwezi mzima. Mama Alida akajiambia, hili ni soko, soko linanuka.

Wakalipa pamoja. Muuza nyama akafunga, akaenda zake. Yule mwanamke hakuomba kisu. Alipitisha ukucha katikati ya tumbo, taratibu, na tumbo likaachana. Nusu yake hakuitia kwenye mfuko. Aliisukuma ndani ya blauzi, ikalala juu ya ngozi yake, maji yake yakamchuruzika hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mtu mwingine angekimbia. Lakini mnajua sisi watu wa Kivu. Hatutoki sokoni bila matabishi, kile kidogo cha juu ambacho muuzaji anakuongezea ili urudi tena. Na Mama Alida aliona kama nusu yake ilipungua kidogo.

"Na matabishi yangu, dada?"

Mwanamke akamtazama sana.

"Niongeze nini?"

"Chochote. Niongezee siku. Hii nyama inifikie Jumamosi."

Yule akacheka bila sauti. Akaingiza kidole gumba mdomoni, chote, mpaka kwenye kifundo. Akakitoa kinang'aa mate mazito, ya njano, yanayovutika kama mlenda. Akaipaka ile nyama. Upande huu... na upande ule.

"Haitaoza," akanong'ona. "Utafurahi."

Mkono wa Mama Alida ulitaka kuiangusha ile nyama pale pale. Kuangusha? Chakula? Akaifunga kwenye kitenge, akasema moyoni: nitaiosha.

Aliiosha mara nne, kwa chumvi na majivu na maji ya moto. Akakata kipande cha kuonja, cha mtu mmoja, akakila na sombe, majani ya muhogo. Kilichobaki akakitundika juu ya mafiga. Jumanne kilikuwa kibichi. Jumatano kikawa kibichi zaidi, cheupe, kinatoa maji, kama ng'ombe amechinjwa sasa hivi. Inzi hata mmoja hakukisogelea. Mama Alida alicheza mbele ya nyama yake kama bibi arusi.

Alhamisi ikaanza harufu.

Ilikuwa tamu kwanza, kama ndizi zilizolala. Halafu nzito. Akainama chini ya kitanda. Hakuna panya. Akafunua mtungi. Hakuna. Akainusa nyama: safi. Akatoka nje apumue, harufu ikatoka naye. Akarudi ndani, ikarudi.

Akakaa, ale kipande chake cha siku. Akatafuna. Kitu kigumu kikagonga jino. Akakitema kiganjani.

Ukucha.

Akautazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa uchi, laini, cheupe kama funza. Na hakikuuma.

Pascasie aliingia kuomba moto, akasimama mlangoni, akashika pua.

"Yezu wangu! Kuna kitu kimekufa humu."

"Nimetafuta, sioni."

Pascasie alikuwa anatazama mgongo wa rafiki yake. Kitenge chote kilikuwa cheusi, na ule weusi ulikuwa unatembea. Akaupunga kwa mkono, inzi wakaruka wote pamoja, vuuu, kisha wakatua tena pale pale. Akafunua nguo. Chini ya kwapa ngozi ilikuwa ya kijani, upana wa kiganja, inabonyea kama nyanya ya jana. Akaigusa kwa ncha ya kidole... na kidole kikazama.

Alitoka nje akatapika kwenye miche ya maharage yake mwenyewe.

Aliporudi alinong'ona, kana kwamba nyama ina masikio. "Hiyo nyama ulinunua kwa nani?"

Mama Alida akamwambia yote, mpaka yale mate.

"Basi umeona? Ile haiozi kwa sababu unaoza wewe. Itupe! Sasa hivi!"

"Nitupe nyama nzima hivi, Pascasie? Mtoto wangu anafika kesho kutwa."

"Unakufa, we mama!"

"Siku mbili tu. Haiumi. Nitavumilia siku mbili."

Nani atamcheka? Mama aliyekaa miaka minne bila mtoto, ukimwambia achague kati ya ngozi yake na mlo wa kumpokea, atachagua mlo. Pascasie alimsihi mpaka sauti ikakauka, akaenda kanisani kumwombea.

Ijumaa, jua likiwa linazama nyuma ya ziwa, Mama Alida alikuwa anafagia chumba cha Alida kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa ameufunga kwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Akasikia miguu uani. Miguu ya mtu asiyevaa viatu, inaachia ardhi kwa shida, kama inatoka matopeni.

Muhogo uliosahaulika.

"Hodi, mama. Nimekuja kuona nyama yangu."

Yule yule, mlangoni, kitenge kile kile, na kwenye blauzi ramani kavu ya maji ya tumbo.

"Yako ulichukua," Mama Alida alisema.

"Ile nilikula njiani. Hii nilikuwa naiacha iive." Na hakuinua macho kwenye mafiga. Alikuwa anaunusa mkono uliofungwa, polepole, macho yamefumba, kama mtu anayefunua sufuria. "Sipendi nyama mbichi."

Yule akasogea. Akapapasa kitanda kipya cha Alida, akanusa mto.

"Na kesho wanakula nani hiyo nyama? Mumoja... na mwingine ndani yake. Vizuri. Miye sipikii tena mutu mumoja."

Ndipo Mama Alida akaruka kwenye mafiga, akaikwanyua ile nyama, akatoka nayo mbio kuelekea choo cha shimo. Nyuma yake sauti ikaanza kulia, sauti ya kusikitisha, ya mtu mwenye njaa kweli:

"Mama, usitupe! Mama, chakula! Dhambi, Mama!"

Na wanangu, ilimuuma. Mlangoni mwa choo alisimama. Alisimama kabisa, na ile nyama kifuani.

Kisha akaiachia.

Kabla haijafika chini ilikuwa imegeuka. Siku zake zote zikairudia kwa mara moja. Ilimpasukia vidoleni, ikamwagika, funza wakamtambaa mpaka kwenye kiwiko, wanene, vuguvugu. Aliwakung'uta akilia. Alipogeuka, ua ulikuwa mtupu.

Jumamosi Alida alifika, akapokelewa na maharage. Akala sahani mbili.

Lakini kilichokwisha kuoza hakikurudi. Hospitalini walisema ni sukari, ugonjwa wa damu, wakakata mkono. Huenda ni kweli, mimi si daktari. Kidonda cha kwapani kiliendelea. Alikaa miezi mitano akilala chali kwenye godoro lake, akimshika mjukuu kwa mkono uliobaki, mpaka Bwana akamchukua.

Siku ya kuanua matanga wakagawa. Nyumba na shamba la maharage alirithi Alida. Jina la Godeberthe alirithi mtoto. Sufuria zote mbili alirithi Pascasie, ambaye peke yake alijua habari ya yale mate, lakini saa hiyo alikuwa kisimani na madumu. Likabaki godoro. Lilikuwa limenyonya kila kitu katika miezi ile, katikati lina bonde la rangi ya chai, na hakuna aliyetaka kuligusa. Mwanamke mmoja wa makamo, meno madogo, mengi, aliyekuwa akiosha sahani na wengine akainuka, akasema kwa Kifuliiru kwamba yeye yuko peke yake, halali pazuri, wampe yeye. Kila mtu alidhani ni ndugu wa mwenzake. Akalikunja, akalibana puani kidogo, akajitwika kichwani, na lilipokuwa linamchuruzikia usoni hakupangusa.

Alida alimsindikiza hadi njiani. Alimwambia asante, dada, karibu tena.