Sauti ya Kogo Ndani ya Kompyuta

Kila jioni, majani ya chai yakishapelekwa kituoni na kupimwa, familia ya Mzee Hezekiah ilikusanyika jikoni kungoja chai ya maziwa ichemke. Chepkorir, kitindamimba wa nyumba hiyo, hakuwa na subira ya kungoja. Alivua mabuti yake yenye matope mlangoni, akanawa mikono na kukimbilia sebuleni kuwasha kompyuta.

Kompyuta hiyo ilikuwa kuukuu kwelikweli. Kipkurui, kaka yake mkubwa, aliinunua mjini Litein baada ya watu wengine kuitumia kwa miaka mingi. Iliwaka polepole, ikinguruma kama lori la majani chai linalopanda mlima. Lakini iliwaka, na hakuna mtu nyumbani aliyetaka kuitupa, kwa maana ndani yake mlikuwa na sauti ya Kogo Jerusa.

Kogo, yaani nyanya yake Chepkorir, alifariki mwaka uliotangulia. Kabla Kogo hajafa, Kipkurui alimrekodi kwa simu akitaja majina ya marehemu wa ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, na kusimulia habari za kila mmoja. Baadaye simu ile ilitumbukia mtoni. Bahati nzuri, Kipkurui alikuwa ameshaihamishia sauti kwenye kompyuta.

Majina hayo hayakuwa ya mchezo. Wakipsigis wana desturi ya kumwita mtoto mchanga kwa majina ya wazee wa ukoo waliotangulia, wakiamini kwamba mmoja wao amerudi. Akina nyanya huyataja moja moja, na jina linalotajwa mtoto anapopiga chafya ndilo lake, nalo huitwa kurenet. Janeffer, mkewe Kipkurui, alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza, na Baba alikuwa ameshaamua.

"Mtoto huyu ataitwa na Kogo mwenyewe," alisema. "Tutawasha kompyuta, Kogo aite, sisi tusikilize."

"Na kompyuta ikikwama katikati, Baba?" Janeffer aliuliza akicheka.

"Tutangoja. Hata Kogo alikuwa anakwama katikati akitafuta ugoro wake!"

Siku moja ujumbe ulitokea kwenye kioo cha kompyuta. Ulisema kwamba mfumo endeshi wake, ile programu kuu inayoongoza programu nyingine zote, umezeeka na hautasasishwa tena. Chepkorir aliingiwa na wasiwasi. Tena, tuseme ukweli, aliingiwa na tamaa. Rafiki yake Nyamoita alikuwa na kompyuta yenye mfumo mpya, na kila siku shuleni alisifia rangi zake na picha zake.

"Baba, lazima tuweke mfumo mpya," Chepkorir alisema. "Nyamoita amenipa flashi iliyo nao. Mimi naweza kuuweka."

"Najua unaweza. Lakini ngoja Mageto aje aiangalie kwanza." Mageto alikuwa fundi wa kompyuta mjini Litein.

"Lakini Baba, nimeona vile wanafanya!"

"Ngoja tu, Chepkorir."

Hakungoja. Shule zilipofungwa, aliachwa siku moja kuangalia nyumba wakati wengine wakichuma chai. Alichomeka flashi. Kompyuta ilikataa kwa maneno ya wazi: mashine hii haifai kwa mfumo huu. Nyamoita alikuwa amemfundisha ujanja wa kupita hapo, naye akapita. Kisha kompyuta ikasema nafasi haitoshi, ikamwuliza kama anataka kufuta vilivyomo. Akabonyeza ndiyo. Ikamwuliza tena kama ana hakika, kwa sababu kila kitu kitapotea. Sikio la kufa halisikii dawa. Akabonyeza ndiyo mara ya pili.

Mfumo mpya ulipowaka na picha yake ya kupendeza, Chepkorir alipiga makofi peke yake sebuleni. Furaha hiyo haikudumu. Mashine ilipata joto kama sufuria, kila kitu alichofungua kilichelewa, na spika hazikutoa hata mlio. Ndipo alipokumbuka kutafuta folda ya Kogo. Aliitafuta huku, akaitafuta kule. Haikuwapo. Moyo wake ukauma kama siku ile Kogo alipozikwa.

Angemwambia Baba jioni hiyohiyo, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini aliogopa. Baba alipouliza kama ameigusa kompyuta, alijibu, "Iko sawa, Baba." Kisha alimwendea Nyamoita, akachukua filamu na michezo mingi na kuijaza kompyuta, ili mtu akifungua asikute utupu. Jumapili baada ya kanisa, Mama alitaka kumsikia Kogo kidogo.

"Spika hazifanyi kazi, Mama," alisema Chepkorir. Akajifariji kwamba huo haukuwa uongo kamili. Kila siku aliongeza filamu nyingine. Mageto alipotuma habari kwamba ana kazi nyingi na atachelewa kuja, alimshukuru Mungu, jambo ambalo alilionea aibu baadaye.

Siku ya siku ikafika. Janeffer alitoka hospitalini na mtoto msichana, mzuri, mwenye nywele tele. Baba alitaka kuhakikisha kila kitu kiko tayari kabla akina nyanya hawajafika. Akaketi mbele ya kompyuta, akafungua, akafunga, akafungua tena.

"Kipkurui, uliweka wapi sauti ya mama yangu?"

Chepkorir aliposikia Baba akisema "mama yangu", hakuweza tena kuvumilia. Alilia, akasema yote, tangu flashi hadi filamu. Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alisimama, akaenda kushika ukingo wa dirisha, akatazama nje kwenye chai. Chepkorir alitamani sana afoke.

Waliibeba kompyuta hadi Litein kwa Mageto. Fundi aliiunganisha na mashine yake, akaangalia kwa muda mrefu huku Chepkorir akiomba kimoyomoyo. Mwishowe alitikisa kichwa.

"Ulifuta lini?" aliuliza.

"Shule zilipofungwa tu."

"Na hizi filamu?"

"Niliweka baadaye. Ili... ili isijulikane."

Mageto alishusha pumzi. "Sikia, msichana wangu. Kitu kikifutwa, hakipotei papo hapo. Ni kama nyayo kwa matope. Ziko tu mpaka ng'ombe wapite juu yake. Mngeniletea siku hiyo, pengine ningeirudisha sauti ya nyanya yako. Lakini hizi filamu zimekanyaga kila mahali. Pole sana."

Kumbe si kufuta kulikoimaliza sauti ya Kogo. Ni kuficha. Chepkorir alilirudia neno hilo moyoni njia yote ya kurudi nyumbani, na kila mara liliuma upya.

Mageto aliondoa mfumo ule mzito, akaweka mwingine mwepesi unaoweza kubebwa na mashine ya umri ule. Siku iliyofuata kompyuta iliwaka vizuri, na spika zikalia. Lakini hazikuwa na la kusema.

Kipkurui alikwenda Merigi kumleta Kogo Rebeccah, wifi yake marehemu Kogo Jerusa. Akina nyanya wakakusanyika. Maombi yalipokwisha, Rebeccah alimkaribia mtoto, akaanza kuita majina kwa upole. Aliita, akanyamaza, akaita tena. Mtoto alipiga miayo, akasinzia.

"Huyu amekuja na maringo!" Rebeccah alisema, na watu wakacheka. "Taplelei? Ni wewe, Taplelei?"

Mtoto akapiga chafya. Vigelegele vikajaa nyumba. Hata Baba alicheka, na machozi yakamtoka.

"Taplelei alikuwa nani, Kogo?" Janeffer aliuliza.

Rebeccah alifikiri. "Ni mtu wa hapa, wa zamani sana. Jina nalijua. Habari zake alizijua Jerusa peke yake."

Chepkorir alijua habari hizo zilikuwa wapi. Alizisikia mara nyingi kutoka kwenye kompyuta, akiwa anasubiri zamu yake ya kucheza.

"Nakumbuka kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Kulikuwa na ndama, na mto umejaa. Taplelei alivuka akiwa amembeba ndama. Halafu Kogo alicheka. Mwisho... mwisho siukumbuki."

Jioni, wageni walipoondoka, Baba alimwita shambani, kwenye michai ya zamani ambayo Kogo mwenyewe aliipanda.

"Mchai ukizeeka tunaufanyia nini?" aliuliza.

"Tunaupogoa, Baba."

"Hatuung'oi. Tunaupogoa kwa kipimo unachoweza kuvumilia, na unatoa majani tena. Kompyuta ile ilikwambia yenyewe kwamba haiwezi, lakini hukuisikiliza, na mimi pia hukunisikiliza. Hilo ni kosa, na kosa tungelitengeneza. Lakini ulilificha, likaota mizizi. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo. Kosa likisemwa mapema hupata wa kulisaidia."

"Nisamehe, Baba."

"Nilishakusamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na mimi nina lawama yangu, niliiacha sauti ya mama yangu ikae mahali pamoja tu."

Kabla Kogo Rebeccah hajarudi Merigi, Chepkorir alimrekodi akitaja majina yote anayoyajua. Aliihifadhi sauti kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye simu ya Kipkurui, akahakikisha kila mahali kwamba inasikika.

Kisha alipewa mtoto ampakate. Alimsogeza karibu, akaanza kumsimulia. "Hapo zamani, Taplelei, kulikuwa na ndama, na mto ulikuwa umejaa. Ukambeba, ukavuka..."

Mtoto alimkodolea macho akingoja. Chepkorir hakuwa na zaidi ya hapo.