Matundu Thelathini na Mawili

Mkono ulikutwa Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, umenasa kwenye lango la mfereji wa kumwagilia mashamba, kiganja kikitazama juu.

Mzee Eusebio, mgawa maji wa mfereji ule, aliufunika kwa kofia yake, akapiga ishara ya msalaba mara tatu, kisha akapiga simu polisi. Inspekta Casimiro Longoria alifika na taco ya mayai, chapati ya mahindi iliyokunjwa, ameishikilia, hajaimaliza. Mauaji ya mwisho ya Las Norias, mji mdogo wa mpakani, yalitokea miaka sita nyuma, na muuaji alijileta mwenyewe kituoni kabla watu hawajanywa kahawa. Inspekta hakuwa na mazoea ya viungo vya watu majini.

"Umeugusa?"

"Niuguse nina wazimu?"

"Kofia ya nani?"

"Yangu. Siitaki tena."

Inspekta alivaa glavu, akapiga magoti, akaiondoa kofia. Mkono ulikuwa wa kushoto. Begani ulikuwa umekatika kwa unyoofu ambao panga haliwezi. Kwenye kiwiko kilitiririka kitu chekundu, kidogokidogo. Aliunusa, kisha akaubonyeza, na Mzee Eusebio akafumba macho.

"Fumbua tu, mzee. Ni mpira."

"Mpira gani unatoka damu?"

"Wa shuleni. Hii ni rangi tu."

Ndani ya bega palikuwa na kizibo, na juu ya kizibo mtu alikuwa ameandika kwa wino usiofutika: N. Villarreal. Inspekta angeweza kucheka akarudi zake kumalizia taco. Lakini aliona matundu. Yalikuwa mengi, madogo, yamejipanga juu ya mshipa, na katika mji ule kila mtu alijua Nereida Villarreal anautumia kwa kazi gani mkono wa mpira.

Nereida alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mpanga vitunguu katika kiwanda cha kufungashia, na kwa miezi minane alikuwa akisoma kwa kompyuta, jikoni kwake, apate cheti cha msaidizi wa daktari. Alipouona mkono wake ndani ya mfuko wa vielelezo alikaa chini palepale, kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

"Umeibwa lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumatano. Nimetoka kazini, nakuta kisanduku kiko wazi kitandani, mkono hakuna. Na sindano pakiti mbili hakuna."

"Leo Jumamosi. Mbona hukuja kuripoti?"

"Nilidhani ni mambo ya ndani." Alimtupia jicho mumewe. "Afande, Jumatatu saa sita mchana ndiyo mwisho. Lazima nijirekodi video nikitoa damu kwenye huo mkono, niwatumie. Nisipotuma wananifuta darasani. Zahanati ya hapa wana nafasi moja tu, na wamesema watanichukua mimi. Wakisikia nimefutwa, narudi kwenye vitunguu mpaka nife."

Mume wake, Chema, dereva wa lori la matunda, alikuwa ameegemea friji, mikono kaifumbata.

"Wewe uliuchukia huu mkono?" Inspekta alimgeukia.

"Afande, nisikilize kama mwanamume. Huu mkono ulikuwa unakaa nasi mezani. Mke wangu anaupapasa, anauambia, 'Pole mpenzi, nitakuchoma kidogo tu.' Mimi mgongo unaniuma toka Dallas, naambiwa nipashe maharage mwenyewe."

"Na mwalimu wake wa kompyuta?"

"Yule wa Ohio. Kila Jumanne na Alhamisi, sauti nzito inatoka kwenye kompyuta: 'Safi sana, Nereida. Safi sana.' Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mimi kwani sijawahi kusema safi sana?"

"Umewahi?" Nereida aliuliza.

Chema alitazama nje.

Wivu wenyewe huo, peupe, hata haukujificha. Inspekta Longoria alikuwa ameuona ukivunja vioo vya magari na pua za watu. Alimtazama Chema, akachomoa sindano moja iliyosalia kwenye kisanduku cha Nereida, akaivua kifuniko taratibu. Chema alibadilika rangi, akapapasa ukuta, akaketi sakafuni bila kupenda.

"Yuko hivyo siku zote," Nereida alisema bila hata kugeuka. "Watoto wakichanjwa, anayefarijiwa ni yeye."

Kwa hiyo Chema angeweza kuutupa mkono, ila si kuuchoma. Inspekta aliuweka mezani, akaomba taa. Ngozi ya mpira ilivulika kama soksi, na chini yake mlikuwa na mishipa miwili ya plastiki. Alihesabu kwa lenzi, akiandika.

"Wewe umeuchoma mara ngapi?"

"Tisa. Naandika kila mara." Nereida alifungua daftari. "Tano nilipata mshipa. Nne nilikosa."

"Kwenye ngozi kuna matundu arobaini na moja. Kwenye mishipa, thelathini na saba."

Nereida alitoa hesabu kwa kidole juu ya daftari. Alikuwa mwepesi wa hesabu, hilo nalo amelijulia vitunguuni.

"Basi aliyeuiba ameuchoma mara thelathini na mbili," alisema polepole.

"Na hajakosa hata moja."

Nereida aliitazama tena mishipa ile, na kitu kilipita usoni mwake ambacho Inspekta hakukitegemea. Alikuwa anaona wivu. Mtu kamwibia mkono, tena anaujua kuliko yeye.

Kwenye dirisha kulikuwa na kibao chenye matundu sita, na ndani yake vichupa sita vitupu vya kuchukulia damu, kila kimoja na kizibo cha rangi yake.

"Hivi mwizi hakuvitaka?"

"Viko palepale."

"Mwizi gani anachukua mkono na sindano, anaacha vichupa?"

"Mwenye vichupa vyake," Nereida alijibu, kisha akashangazwa na jibu lake.

"Hizi rangi zina maana?"

"Ni mpangilio wa kuchukua damu. Ukikosea, dawa ya kichupa hiki inaharibu damu ya kinachofuata. Buluu, nyekundu, dhahabu, kijani, zambarau, kijivu. Nimeuimba mpaka watoto wangu wanauimba."

Inspekta aliandika rangi zile kama zilivyotajwa. "Mtaani nani mwingine anaujua?"

"Hakuna. Ni mambo ya darasani."

"Mlango haukuvunjwa. Ufunguo anao nani?"

"Mimi, Chema, na dada Idolina."

Inspekta aliacha kuandika.

Idolina Saldívar alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mama yao alipofariki, Nereida alikuwa na miaka saba. Aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kusoma na aliyemvalisha shela ni Idolina. Na kwa miaka ishirini ndiye aliyeuchoma sindano mtaa mzima. Ukitoka na dawa yako ng'ambo ya daraja la mpakani, ukaogopa bei ya daktari, ulikwenda kwa Idolina, ukalala kifudifudi kwenye sofa lake la kijani, akakupiga kofi dogo, na kabla hujakaza msuli kazi imekwisha. Sheria haikuruhusu. Inspekta Longoria alilijua hilo vizuri sana, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amelala kwenye sofa lile mara tatu, kwa ajili ya vitamini. Hakuwahi kusikia maumivu.

Hakuipenda njia aliyokuwa anaifuata. Alivimwaga vichupa ndani ya mfuko wa karatasi, akachukua na kibao. Nereida alimfuata nyuma, kwa kuwa vichupa vilikuwa vyake na hakutaka vipotee navyo.

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka pale. Idolina alifungua akiwa na unga wa mahindi mpaka kwenye viwiko, akaifuta mikono yake kwa aproni.

"Casimiro. Umepungua. Hulali?"

"Nalala, Bi Idolina. Mkono wa Nereida umeonekana mferejini."

"Nimesikia. Eusebio kamwaga habari mpaka kanisani." Alimtazama mdogo wake. "Pole, mwanangu. Nilikuambia lakini. Shule gani hiyo, mtu anafundishwa udaktari na kompyuta? Kompyuta ina mshipa?"

"Wewe hujawahi kuzijaribu hizo kozi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi? Hata kuzifungua sijui. Mikono yangu imejifunza kwa watu."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nasokota tamale za ubatizo wa mjukuu wa Tencha. Kaulize."

Inspekta aliumimina mfuko mezani. Vichupa vilibiringika kati ya majani ya mahindi ya kufungia tamale, kibao kikaanguka kifudifudi. "Hivi unavijua?"

"Vichupa tu. Vya maabara." Alikisimamisha kibao, akakifuta unga. "Unanichafulia meza, Casimiro. Watu wanakuja kula hapa."

"Bi Tencha hajambo?"

"Sukari inampanda, hasikii la mtu." Alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimetapakaa. Huku akisema, vidole vyake viliokota kichupa kimoja, vikakirudisha, vikaokota kingine. "Anakunywa soda asubuhi, mchana, jioni, halafu ananiuliza mbona miguu inawaka moto. Nimemwambia, Tencha, mimi si padri, sifanyi miujiza."

Cha mwisho kilitua. Inspekta aliinama kidogo akasoma kibao kutoka kushoto. Buluu. Nyekundu. Dhahabu. Kijani. Zambarau. Kijivu.

Nereida, aliyesimama mlangoni, alikuwa amekisoma kabla yake. Aliweka kiganja mdomoni.

"Bi Idolina," Inspekta alisema kwa upole, "umevipanga vizuri."

Idolina alikitazama kibao. Alikinyooshea mkono kama anayetaka kukivuruga, kisha akauacha mkono ushuke ubavuni.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alisema. "Lolote utakalosema..."

"Nimekaa kimya mwaka mzima, Casimiro. Nimechoka."

Alivuta kiti, akaketi. Alianza kuzungumza akiitazama meza.

"Nilianza kabla yake. Januari ya mwaka jana. Kwa simu, humu jikoni, mlango nimeufunga. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja nitoke na cheti, nikitundike juu ya sofa, wanyamaze wote wanaosema nachoma watu kienyeji. Masomo niliyaelewa. Picha nilizielewa. Mtihani ukaja, dakika zinahesabiwa, Kiingereza kirefu kama treni. Nikashindwa. Nikarudia, nikashindwa. Wakaifunga akaunti yangu kwa barua ya mistari miwili."

"Dada," Nereida alisema.

"Ngoja. Miezi miwili baadaye unakuja hapa unaruka. 'Dada, nimejiandikisha.' Shule ileile. Nikakupikia. Nikakukumbatia. Nilikuwa nakukumbatia moyo unaniwaka, Nereida. Ukawa unafaulu. Kila wiki unafaulu, unakuja kunionyesha alama kwenye simu, na mimi nasema hongera, hongera."

"Na Jumatano?" Inspekta aliuliza.

"Jumapili, kwanza. Tencha kanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Tencha, ambaye nimemchoma miaka kumi na tisa, nimemchoma akiwa na mimba, nimemchoma akiwa na msiba. Akaniuliza, 'Idolina, Nereida anamaliza lini? Bora nimsubiri yeye, ana shule.'" Alikunja pembe ya aproni. "Jumatano nilienda kukuwekea maharage jikoni. Mkono uko kitandani. Nilitaka kuugusa tu, nione ukoje."

"Ukaondoka nao."

"Nikaufunika na kitambaa cha tamale. Vichupa nilikuwa navyo, nilivinunua mwaka jana. Siku tatu, kila nikipata nafasi. Mara ya kwanza nikapata mshipa. Ya pili nikapata. Nilihesabu mpaka thelathini na mbili, na kila damu ilipoingia kwenye kichupa niliinua uso, kama mjinga, nione kama kuna aliyeniona. Kuna jiko na friji."

"Ungeurudisha."

"Ningeweza, ndiyo. Jana jioni niliufunika tena niupeleke. Nikafika kwenye mfereji, nikakumbuka Jumatatu." Sasa alimwinulia Nereida macho. "Nilijua ni mwisho wako. Usije ukadhani nilisahau. Niliitaka Jumatatu ipite bila wewe. Nilitaka ukose kama nilivyokosa, uje hapa ulie, nikubembeleze."

Inspekta aliandika mstari wa mwisho, akaugeuza ukurasa kwa Idolina, na Idolina akatia sahihi bila kusoma.

"Mkono ni mzima," Inspekta alimwambia Nereida. "Picha ninazo. Utaujazia fomu, nakurudishia leo, uuoshe. Muda unao. Kuhusu kesi, mwenye kusema ni wewe."

"Jumatatu saa sita nikishatuma, nitakuambia," Nereida alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kabla ya hapo nisiulizwe."

Alikusanya vichupa kimoja kimoja. Alipofika mlangoni alishindwa kutoka. Aligeuka, na hasira yote ikawa imemtoka, amebaki mtoto wa miaka saba.

"Ungeniambia tu, dada. Tungesoma pamoja. Kile Kiingereza mimi ningekueleza, swali kwa swali, usiku watoto wakilala. Ningekufundisha."

Idolina aliurudia unga wake, akaizamisha mikono humo mpaka kwenye vifundo.

"Ndiyo," alisema. "Ungenifundisha. Hicho ndicho nilichokiogopa."