Waridi la Tano

Kila Jumamosi, kabla wateja hawajafika, Annick hufagia saluni ya mama yake huko Westville. Hufagia shingo upande, maana macho yake huwa kwenye kioo.

Jumamosi moja mama yake, Mama Ghislaine, alirudi kutoka sokoni na mawaridi matano meupe.

"Pelekea wale wageni wa ghorofani," alisema. "Walikimbia vita ya Ukraine, kama vile sisi tulikimbia Bukavu. Sisi siku tulifika hapa, hakuna mtu alitugongea mlango."

Annick alifurahi. Zlata, binti wa wageni hao, alisoma naye darasa moja, na Annick alitamani sana awe rafiki yake. Lakini kwenye ngazi alichomoa waridi moja akalichomeka nyweleni. Nani angehesabu?

Mama yake Zlata alifungua mlango akitabasamu. Alipoyaona maua, uso ulimsawijika. Aliyapokea, akaingia chumbani huku analia.

"Kwetu maua manne hupelekwa makaburini," Zlata alieleza kwa Kiingereza cha kubahatisha. "Aliye hai hupewa matatu au matano. Baba yangu yuko vitani, na wiki hii hajapiga simu. Kwa nini umetuletea manne?"

Annick alishuka mbio hadi saluni.

"Wamefurahi?" mama yake aliuliza.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, lakini machozi ya yule mama yalimkaa rohoni.

"Hapana, Mama. Ulinipa matano, moja nikaiba." Akaeleza yote.

Mama Ghislaine aliweka kitana chini. "Twende. Utasema wewe mwenyewe."

Kule juu Annick alitoa waridi nyweleni, limenyauka kidogo, akaomba radhi. Zlata alitafsiri. Mama yake alilichomeka katikati ya yale manne, akayahesabu kwa kidole, kisha akamkumbatia Annick kwa nguvu.

"Jumatatu ukae na mimi darasani," Zlata alisema.

Wakiwa wanashuka, Mama Ghislaine alimshika binti yake bega.

"Desturi yao hukuijua, hapo hauna kosa. Kosa iko kwa kuchukua kitu haikuwa yako. Ukiiba hata kidogo, haujui itaumiza nani. Lakini umesema kweli mapema, na sasa umepata rafiki." Akamkabidhi ufagio. "Haya, maliza kazi. Na leo utafagia umekipa kioo mgongo."