Leandro Hayuko Almería

"Leo jua limetuchezea," Leandro alisema kwenye simu. "Mawingu yanakuja, yanaondoka, yanarudi. Kutwa nzima tumepiga tukio moja tu la filamu."

"Pole," Amparo akajibu. "Na kipima mwanga chako kinafanya kazi?"

"Kipo. Ninacho hapa mfukoni."

Amparo alikitazama kipima mwanga hicho. Kilikuwa juu ya meza ya jikoni kwake, Madrid, ndani ya mkoba wa ngozi wa mumewe, pamoja na koti lake na miwani ya akiba. Mkoba ulikuwa umeletwa mchana na mtu wa vifurushi, umetumwa kutoka Almería.

"Haya mpenzi, lala salama," alisema kwa sauti ileile ya kila siku, akakata simu. Kisha akakaa pale jikoni akiwa amewasha taa moja tu.

Mkoba ulipofika tu, alikuwa amempigia Nekane, katibu wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza filamu hiyo, kumuuliza kulikoni. Nekane alishangaa. Akasema Don Leandro aliondoka mahali pa kupigia filamu zaidi ya wiki mbili zilizopita, na wote kule walijua amerudi nyumbani kwa mkewe. Amparo alipouliza kwa nini aliondoka, binti yule alisita, halafu akasema kwa adabu kwamba hilo ni bora aulizwe mwenyewe.

Zaidi ya wiki mbili. Na kila jioni Leandro alikuwa akipiga simu kusimulia upepo wa jangwani, vituko vya mwigizaji mkuu wa kike na chakula kisicho na chumvi.

Hispania nzima ilimjua Leandro Quiñones. Mtoto wa fundi cherehani kutoka Toro, mji mdogo wa mkoa wa Zamora, alikwenda Madrid akiwa kijana, akaanza kwa kubeba nyaya, akaishia kuwa mpigapicha wa filamu ambaye waongozaji walimsubiri hata mwaka mzima. Alikuwa na sanamu mbili za Goya, tuzo kubwa ya filamu ya Hispania, kwenye kabati la vyombo. Watu walisema Leandro akiweka taa, hata ukuta unapendeza. Amparo alikuwa mhariri wa filamu, na walipendana gizani, kwenye chumba cha kukatia filamu, kijana huyu akija kila jioni kuangalia kazi yake mwenyewe na kubaki mpaka walinzi wafunge mlango.

Lakini kuolewa na mtu wa aina hiyo ni kuolewa na sanduku la safari. Miezi mitatu huku, minne kule. Na kila safari ilikuwa na mwigizaji mrembo ambaye Leandro alitumia siku nzima kumtazama usoni, kwa sababu ndiyo kazi yake. Maneno yalimfikia Amparo, akayameza. Hakuwahi kupata ushahidi. Sasa mwanaume ana miaka sitini na sita, na ushahidi umeletwa mpaka mlangoni.

Dada yake, Consuelo, alipopigiwa simu hakuzunguka.

"Ni yule mwigizaji," alisema. "Mwanaume hajifichi peke yake wiki mbili. Mpigie sasa hivi umwambie umejua."

"Hapana. Mwache aongee."

"Aongee nini?"

"Uongo. Anayedanganya sana kuna mahali anajikwaa. Mimi nimekaa miaka thelathini nikiangalia vipande visivyoungana."

Kesho yake alimtumia ujumbe: "Umekula nini mchana?"

Jibu likaja haraka: "Wali na sungura. Nimekukumbuka."

"Mwigizaji wako hajambo?"

Safari hii jibu lilichelewa. "Nani? Ah, yule. Hajambo. Anatusumbua tu."

Amparo aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Neno "nani" lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kama anamficha mwigizaji, mbona amemsahau? Na kama si mwigizaji, ni nani?

Jioni simu ikaita. Leandro alianza kusimulia tukio la farasi. Katikati ya maneno yake Amparo akasikia mlio mkavu, kama vijiti vingi vinagonganishwa kwa haraka, juu, mbali kidogo. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Leandro, mezani."

"Nani huyo?" Amparo aliuliza.

"Mpambaji wa waigizaji. Wanagawa chakula."

"Haya. Nenda ukale kisipoe."

Sauti ya mwanamke ilimuumiza, lakini kilichomwambia ukweli ni ule mlio. Ulikuwa wa ndege korongo wanaogonganisha midomo. Jangwani Almería hakuna minara ya makanisa iliyojaa viota vya korongo. Amparo aliusikia mlio huo kila kiangazi walipokwenda kumsalimia mama mkwe, kule Toro.

Asubuhi akachukua gari.

Toro si mji wa kumficha mtu. Aliingia kwenye baa iliyoko uwanja wa katikati ya mji, akaagiza kahawa, na kabla hajauliza vizuri mhudumu akamjulisha kwamba Don Leandro yuko kwa Visi, chini kidogo ya kanisa kuu. Alisema hivyo bila kumtazama machoni.

Visi. Jina hilo alilisikia mara moja tu, siku ya mazishi ya mama mkwe, shangazi mmoja alipoteleza ulimi: Visitación, yule msichana aliyechumbiwa na Leandro kabla hajakimbilia Madrid.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa na nywele nyeupe na aproni yenye madoa mekundu. Nyumba nzima ilinuka pilipili hoho za kuchoma.

"Wewe ni Amparo," alisema. "Kila siku namwambia akupigie akuambie."

"Ananipigia kila siku. Haniambii."

"Ninapangisha vyumba, mama. Yeye yuko juu, mimi nalala chini na mama yangu mgonjwa. Kama umekuja kukagua kitanda, panda ukakague. Kama umekuja kwa ajili yake, yuko uani."

Leandro alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya pilipili hoho zilizochomwa, vidole vyeusi kwa masizi. Alipoinua macho na kumwona mkewe, pilipili ilimdondoka.

"Sikujua kama Almería imehamia huku," Amparo alisema.

Leandro alijifuta mikono taratibu, kama mtu anayetafuta muda. Visi alifunga mlango wa jikoni akawaacha.

"Nimefukuzwa," Leandro akasema.

Akaeleza. Mwongozaji, Borja, kijana wa miaka thelathini na kitu, hakutaka kusubiri mwanga. Asubuhi moja Leandro aliomba wingu lipite, na Borja akamuuliza mbele ya watu wote, mzee, tutangoja jua lako mpaka lini, hilo tutalirekebisha kwenye kompyuta. Watu walicheka kidogo. Kesho yake Leandro alifika akamkuta mtu mwingine nyuma ya kamera. Alikuwa msaidizi wake, aliyemfundisha mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kitu. Alitoka bila hata kuchukua mkoba, akapanda basi.

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Ningekwambia nini? Ulifanyiwa upasuaji nikiwa Morocco. Ulimzaa Irene nikiwa Argentina. Kila mara nilikwambia kazi haiwezi kwenda bila mimi. Halafu nije nikwambie wameniondoa asubuhi moja, na kazi inakwenda?"

Amparo alihisi huruma ikimpanda, lakini ikakutana njiani na kitu kingine.

"Na Visi ulimwambia."

"Yeye sikumwambia miaka yote kwamba kazi haiwezi kwenda bila mimi. Ilikuwa rahisi."

"Ungekuwa unalala naye ningejua la kufanya. Ningekufungia mizigo yako, basi. Lakini umemlilia yeye, Leandro, na mimi umenipa hadithi ya farasi."

Leandro aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na Amparo akaona kwamba kama kuna siku mtu huyu atasema kweli, ni leo.

"Umemgusa?"

"Hapana."

"Na wale wa zamani? Watu walisema mengi."

Leandro aliiokota ile pilipili iliyodondoka, akaifuta vumbi. Juu ya mnara korongo walikuwa wakigonganisha midomo.

"Mmoja," alisema. "Lisbon. Kabla Irene hajazaliwa. Haikurudiwa."

Amparo hakupiga kelele. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu ujana wake, na lilipofika alikuta halina hata nguvu ya kumwangusha. Lilimuuma, lakini lilimuuma kama jino lililong'olewa.

"Nakwenda," alisema. "Ukitaka nyumbani unapajua."

Aliendesha mpaka Madrid peke yake, akilia kuanzia Tordesillas hadi mahandaki ya milima ya Guadarrama.

Leandro alifika kwa basi wiki hiyohiyo, na Amparo akampa chumba cha zamani cha binti yao, kitanda chembamba chini ya picha za wanamuziki. Walikula meza moja, waliongea mambo ya gesi na dawa za presha. Consuelo alitaka talaka kuliko mwenye ndoa. Usiku mwingine Amparo alimsikia mumewe akitembea huku na huku kule chumbani, akabaki kitandani kwake, macho kwenye dari.

Mwanzoni mwa mwaka Leandro alisema amepata kazi. Msichana mmoja, Saray, alikuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza mtaani Carabanchel, hana taa za maana, na alikuwa amemwomba msaada. Kila asubuhi akaanza kuondoka, kila jioni anarudi na kusimulia: leo tulipiga ngazini, leo kwenye duka la mikate. Amparo alisikiliza huku akitafuta vipande visivyoungana. Hakuweza kujizuia. Almería nayo ilisimuliwa vizuri namna hiyohiyo.

Siku moja, bila kumwambia mtu, akapanda treni ya chini ya ardhi hadi Carabanchel. Aliuliza dukani, akaelekezwa ua wa nyuma wa jengo moja la matofali.

Leandro alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti juu ya saruji baridi, ameshika shuka jeupe kwa mikono miwili, analigeuza polepole kurudisha mwanga kwenye uso wa mwanamke mzima aliyeigiza kama mama. Alipogeuka akamwona mkewe amesimama langoni, amevaa koti lake. Hakushangaa.

"Umekuja kunichunguza," alisema.

"Ndiyo."

Leandro alimkabidhi Saray shuka, akainuka kwa shida akishika goti, akaenda kuchukua kiti cha plastiki. Akakifuta vumbi kwa mkono wa sweta yake, akakiweka karibu na kamera.

"Kaa hapa, utaona vizuri," alisema. "Na kesho uje tena."

Amparo alikaa.