Mgunga wa Mwisho Wenye Tundu

Minza alitia mkono ndani ya kihenge cha mtama. Akatoa pumba na mavi ya panya. Ilikuwa Oktoba, na mtama waliuweka Julai, kihenge kikajaa pomoni.

"Mwaka wa pili huu," alimwambia mumewe, Mashimba. "Watoto watakula nini?"

Mashimba aliendelea kunoa shoka. Tangu biashara iachwe huru, malori ya watu binafsi yalifika kijijini kwao Ngulyati kutafuta kuni za kuchomea matofali. Ngitili yao, malisho yaliyotunzwa tangu enzi za babu, ilikuwa imegeuka visiki. Mashimba alianza kuwauzia miti mizee yenye matundu.

"Mti mfu hauna kazi," alizoea kusema. "Tena unafuga bundi, ndege wa wachawi."

Sasa ulibaki mgunga mzee mmoja. Lori lingeufuata kesho.

Jirani yao Eufrasia, mfanyakazi wa kitalu cha miti, alipita na ndoo kichwani.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Minza kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. Akaona kihenge kitupu. Akatua ndoo.

"Mmewafukuza walinzi wenu."

"Walinzi gani?"

"Bundi. Wao hula panya usiku kucha. Hutaga ndani ya tundu la mti mzee. Mti mchanga hauna tundu. Mkikata mizee yote, wataishi wapi?"

"Bundi ni mchawi!" Mashimba alifoka.

"Shemeji, mchawi gani analinda mtama wako bila kuomba hata ugali?"

Minza alitaka kucheka. Akakitazama kihenge.

"Tukate vipi, basi?" aliuliza.

"Kateni matawi ya miti mizima, itachipua. Kila ekari acheni mizee mitatu au minne yenye matundu, hata iliyokufa. Mkiona makinda, subirini waruke."

"Mitatu? Kwetu umebaki mmoja."

"Basi uacheni huo."

Mashimba alibeba shoka akaenda kwenye mgunga. Minza alimfuata, akauegemea mti.

"Baba Mayige, wanao watalala njaa. Huu hapana."

Mashimba alimtazama mkewe, kisha akaketi juu ya kisiki, kichwa mikononi. Kesho yake lori liliondoka tupu, dereva akitukana.

Mwaka ule walikula mlenda na maji ya chumvi, wakapanda miche ya migunga kutoka kitalu cha Eufrasia. Ng'ombe wa mwisho alikwenda mnadani Bariadi. Bundi hawakuja.

Mwaka uliofuata wakaja wawili. Mavuno yalikuwa haba, lakini Februari iliyofuata Minza alikuta nusu ya mtama imesalia.

"Miche tuliyopanda itapata matundu lini?" alimuuliza Eufrasia.

"Mimi na wewe hatutayaona, mayu."

Minza alichota ungo mmoja wa mtama, akafunika kihenge, akaenda kusaga.