Karibu ya Kangethe

Kangethe alikuwa mtu wa kudharau asivyovijua, na alikuwa hajui mengi. Jumamosi moja ya mwaka 1988 mkewe Bilha alimbembeleza hadi akafunga duka lake la mabati pale Kisumu, wakaenda na binti yao Gakenia kushinda kutwa katika mji mkongwe wa kando ya mto, karibu na Port Victoria, wanakokaa wachoraji na wafinyanzi. Wachoraji aliwaita wavivu wenye rangi. Vyungu alivigonga kwa kucha, akauliza kama vinapika ugali au ni vya kutazamwa tu.

Mama Rehma, mtunza funguo, aliwafungulia nyumba ya tajiri wa zamani yenye mlango wa nakshi. Haikuwa na mtu kwa miaka hamsini. Wakiwa sebuleni, kutoka chumba kilichofungwa kwa kufuli ikasikika sauti ya taratibu: "Hodi."

Mama Rehma alimshika Bilha mkono. "Msijibu," akanong'ona. "Huyo humwomba kila mgeni amkaribishe. Sisi hunyamaza tu."

Kangethe alidhani ni ujanja wa kuwatia watalii hofu, na mjinga akishajiona mjanja hana dawa. "Karibu," akaitikia. "Tena karibu kwangu Kisumu, ule ushibe."

Kufuli haikutikisika. Kangethe alijisifu njia nzima.

Kesho yake nyumba yao ikanuka udi na tope la mto. Bilha alipiga deki mara tatu, harufu ikazidi. Kisha Gakenia akaacha kula. Kila mlo alisukuma sahani yake mbele ya kiti kitupu, akangoja kwa adabu, na chakula kikapungua mbele ya macho ya mama yake, tonge baada ya tonge, huku mtoto akikonda hadi gauni la kanisani likamvuka mabegani, na kitini pakasikika pumzi za mtu anayetafuna bila haraka, mtu ambaye ameambiwa ashibe.

Bilha alimwita Maalim Saleh. Akafukiza, akasoma, mwisho akafunga kitabu. Alisema jini aliyevamia hufukuzwa, lakini huyu alikaribishwa na mwenye nyumba. Atakaa alipo mwenyeji wake, na haendi popote bila ruhusa yake.

"Bwana, wewe ndiye uhame," akamwambia Kangethe. "Atakufuata, mtoto apone."

"Nihame kwangu kwa sababu ya harufu?"

Bilha aliinuka. Alifunga nguo katika kanga, akamshika Gakenia mkono, wakatoka kwenda kwa dada yake, mtaa wa Otonglo.

Kangethe akabaki na kile kiti. Mwanamume aliyecheka mji mzima hakuvumilia hata dakika tano. Alifungua mlango, akasema kwa sauti ya chini, asisikiwe na mkewe: "Mgeni wangu, wafuate hao. Nimekuruhusu." Kisha akajifungia, akashusha pumzi.

Barabarani Gakenia alianza kujivuta.

"Mama, twende polepole," akasema. "Mgeni hajazoea njia."

Bilha akageuka. Mkono mmoja wa mtoto alikuwa ameushika yeye. Wa pili ulikuwa umeinuliwa juu, umeshikwa.